Maswali ya wasomaji: chura wa jiwe, tumbili wa mfalme na mchanga unaokata

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya chombo cha jiwe chenye umbo la chura, kazi ya mafundi wa Misri ya miaka zaidi ya 5,000 iliyopita. Barua zimekuja kwa wingi kutoka Lubumbashi, na nyingi ni za watu wa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba. Hilo halikutushangaza. Tunaanza na swali lililoulizwa na wengi kuliko yote.

Wandugu, mimi ni mchongaji wa malakiti hapa Katuba. Natengeneza tembo, viboko, mayai na visahani vya majivu ya sigara. Yule chura wenu amenisumbua. Mdomo wa chombo ni mdogo, tumbo ni pana, na mnasema chuma hakikuwepo. Walilichimbaje tumbo bila kulipasua? Na mimi nikitaka kujaribu, nianzie wapi?
*Mchongaji, Katuba*

Ndugu mchongaji, kwanza iweke patasi pembeni. Tumbo la chura yule halikuchongwa, lilisagwa. Mafundi walitumia bomba la shaba lisilo na meno, wakalizungusha juu ya mchanga mkavu. Shaba yenyewe haikati jiwe: kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko kwenye 3 tu, sawa na jiwe la chokaa. Kinachokata ni chembe za kwatsi zilizomo mchangani, ambazo ziko kwenye 7. Chembe hizo hujikita kwenye ukingo wa bomba kwa sababu shaba ni laini, halafu hukwangua jiwe kila bomba linapozunguka. Ndiyo maana chuma hakikuhitajika. Hata granite inatobolewa hivyo, ila kwa kazi ndefu na kwa hasara kubwa ya shaba. Kwa mawe laini hata utete mnene wenye mchanga hufanya kazi.

Bomba linachimba duara na kuacha kigogo cha jiwe katikati. Kigogo hicho huvunjwa, na sasa una shimo lililonyooka kama la mtungi mwembamba. Tumbo pana linakuja katika hatua ya pili, na hapo ndipo penye akili. Fundi alichukua kijiwe kigumu kilichochongwa kama nambari 8, chenye kiuno katikati. Alikiingiza mdomoni mwa chombo kikiwa kimesimama wima, kisha akakilaza humo ndani, na kukishika kiunoni kwa mti wenye panda. Mti ukizungushwa, ncha mbili za kijiwe husaga ukuta kwa pande mbili pamoja na mchanga. Kikishatanua vya kutosha, kinatolewa na kuingizwa kingine kirefu kidogo zaidi. Kwa njia hiyo tumbo linapanuka chini ya mdomo ambao haujaguswa.

Mti huo haukuzungushwa kwa upinde, yaani kwa kamba ya upinde iliyozungushwa kwenye mti na kuvutwa huku na huku. Kwenye kuta za kaburi la Mereruka huko Saqqara, la nasaba ya 6 (ukoo wa sita wa wafalme), wanaonekana mafundi wakishika kifaa chenye mpini ulioinama na mawe mawili yaliyofungwa karibu na juu kama uzito. Mtafiti Mwingereza Denys Stocks, aliyetengeneza upya vifaa hivi na kuvijaribu kwa miaka mingi, alionyesha kwamba kifaa kile huzungushwa kwa mkono, nusu mzunguko kwenda na nusu kurudi. Upinde una kasi mno kwa chombo ambacho ukuta wake umeshakuwa mwembamba.

Sasa jaribio lako. Usianze na malakiti. Jiwe hilo lina matabaka, hupenda kupasuka penye mistari yake, na mara nyingi lina vishimo vilivyojificha ndani. Tafuta jiwe la chokaa la Kakontwe, kule Likasi. Ugumu wake ni karibu sawa na ule wa kalsiti ambayo Wamisri waliipenda. Kipande cha sentimita 12 kwa 10 kwa 9 kinatosha. Kiloweshe, kisha kiache kikauke juani ukikitazama: penye ufa patabaki mstari mweusi baada ya sehemu nyingine kukauka. Kikiwa na mstari huo, kitupe.

Chonga umbo la nje kwanza. Ndivyo walivyofanya wao, na vyombo vilivyoachwa njiani kabla ya kumalizika vinathibitisha. Lakini wewe acha milimita 4 za ziada kila mahali, na miguu ya chura iwe minene. Kitie chombo ndani ya beseni la mchanga ulioshindiliwa hadi mabegani, kisitikisike. Chukua bomba la shaba la milimita 22, lile la mafundi wa maji, urefu wa sentimita 25, ulikaze kwenye mti. Kabla ya kuanza, chora kijifereji cha duara kwa ncha ya patasi, kina cha milimita 2, la sivyo bomba litateleza na kuchafua mdomo. Kwa hatua hii upinde unafaa. Mimina nusu kijiko cha mchanga uliochekechwa vizuri, zungusha bila kukandamiza sana, na kila unaposhuka kama sentimita moja, toa bomba na umwage unga. Weka alama ya rangi kwenye bomba ili ujue kina. Chini bakiza sentimita moja na nusu.

Makosa tunayajua. La kwanza ni kutia maji. Mchanga wenye maji hugeuka tope, tope hukaba bomba, na fundi mwenye haraka husukuma kwa nguvu mpaka ukuta unaachia. La pili ni kuchelewa kumwaga unga: bomba linazunguka juu ya unga laini na halikati tena, wakati wewe unadhani jiwe limekuwa gumu. La tatu ni kukigonga kigogo kutoka juu. Usikigonge hivyo. Ingiza kabari nyembamba ya mti kwenye mfereji uliouzunguka na ugonge taratibu kwa upande. Kitakatika chini chenyewe, kwa maana jiwe lina nguvu likibanwa na ni dhaifu likipindwa.

La nne ndilo linaloua vyombo vingi: kusaga tumbo kwa kukisia. Pinda waya mgumu uwe kama kipimo chenye mikono miwili, mmoja uingie ndani, mwingine ubaki nje, na upime ukuta kila unapobadilisha kijiwe. Ukifika milimita 8 simama. Pale begani, chini tu ya mdomo, acha milimita 10, maana hapo ndipo jiwe linapobeba mkazo wa kila mzunguko.

Vishikio vya pembeni vyenye tundu vitoboe kutoka pande mbili, mashimo yakutane katikati. Ukitoboa kutoka upande mmoja, upande wa pili utabanduka kipande. Malizia na msasa wa 120, 240, 400, 800 na 1,200, huu kwa maji.

Na kuhusu vumbi hatutaki mzaha. Vumbi la mchanga mkavu huharibu mapafu, na madhara yake hayarekebishiki. Fanya kazi nje, upepo ukitokea mgongoni, na uvae barakoa ya FFP2 au FFP3. Kitambaa hakitoshi.

Mimi ni mwalimu wa historia Kampemba. Wanafunzi wangu wameuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kwa nini chura? Mfalme au tajiri angeweza kuagiza simba.
*Mwalimu, Kampemba*

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza vizuri. Vitabu vingi hujibu haraka kwamba chura ni Heqet, mungu wa kike wa uzazi, na jambo limekwisha. Sisi tunaona jibu hilo limeruka hatua. Vyombo vya mawe vya umbo la chura vilienea katika kipindi kinachoitwa Naqada II, takriban 3500 hadi 3200 KK, jina lililotokana na mji wa Misri ya Juu (yaani kusini) ambako mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alichimba makaburi mwaka 1894 na 1895. Heqet anatajwa katika Maandishi ya Piramidi, yaliyochongwa ndani ya makaburi ya wafalme, takriban miaka 1,000 baadaye. Huwezi kumvika chura wa kwanza joho la mungu ambaye maandishi yake hayajakuwepo.

Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kile ambacho kila mtu wa bonde la Nile alikiona kwa macho. Mto ulifurika kila mwaka, maji yakashuka, na tope lililobaki likajaa vyura wengi kana kwamba limewazaa lenyewe. Mnyama anayetokea kwa maelfu kutoka udongo mweusi ule ule unaotoa ngano hahitaji kuhani wa kumweleza. Baadaye wazo hilo liliingia hata katika hesabu: alama ya kiluwiluwi ilitumika kuandika 100,000. Nasaba za kwanza zilipoanza, watu walipeleka sanamu ndogo za vyura hekaluni, kama zile zilizopatikana Abydos na Elephantine. Heqet alipokuja kuwa na jina, alisimama pamoja na Khnum, mungu anayewafinyanga watu kwenye gurudumu la mfinyanzi, na wajawazito walivaa hirizi zake.

Uhai wa wazo hili ni wa ajabu. Katika Misri ya enzi ya Warumi zilitengenezwa taa za udongo zenye chura mgongoni, na kuna iliyoandikwa kwa Kigiriki maneno ya Kikristo, "Mimi ni ufufuo". Wanafunzi wako watayatambua kutoka Injili ya Yohana, sura ya 11.

Kuhusu simba: walitengenezwa pia, lakini vyombo vidogo vya kipindi kile vinapenda wanyama wa maji na wa matopeni: chura, samaki, kobe wa majini, kiboko, ndege wa mtoni. Tembo yumo, kwani wakati huo alikuwa bado anajulikana. Kobe ndiye mwenye historia ya kusikitisha. Kwenye Naqada anaonekana kama mnyama wa kawaida, hata mwenye kupendwa. Karne zikapita, na kwa kuwa anajificha chini ya maji mbali na jua, akageuzwa adui wa Ra, mungu wa jua. Kitabu cha Wafu, maandishi ya kumwongoza marehemu, kina usemi kwamba Ra anaishi na kobe amekufa. Umbo ni lile lile, maana imepinduka kabisa. Hii ndiyo sababu tunawaonya wanafunzi wasichukue maana ya mwaka 1300 KK wakaibandika kwenye jiwe la mwaka 3400 KK.

Kiboko alibaki na nyuso mbili muda wote. Dume lilikuwa balaa la mashamba na mitumbwi, na watu wa Mweru au Upemba hawahitaji kuelezwa hilo. Jike lilimpa sura Taweret, mlinzi wa mama na mtoto. Kiboko mashuhuri kuliko wote si wa jiwe bali wa faiensi ya buluu (aina ya kauri inayong'aa), aliyepatikana Meir katika kaburi la Senbi wa nasaba ya 12, na yuko Metropolitan Museum huko New York. Miguu yake mitatu ni ya kuongezwa siku hizi. Ile ya asili inaelekea ilivunjwa kwa makusudi kabla hajawekwa kaburini, ili asije akamdhuru marehemu. Waambie wanafunzi: kwa watu hao umbo la mnyama lilikuwa na nguvu ya kutenda, na ndiyo maana lilitiwa kaburini, na ndiyo maana wakati mwingine lilivunjwa miguu kwanza.

Nauza samaki soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Mtoto wangu amenisomea gazeti lenu, nikasikia mnasema tilapia alikuwa samaki mtakatifu. Huyu huyu wa kukaanga?
*Mama muuza samaki, commune Kenya*

Mama, huyu huyu, au tuseme ndugu yake wa karibu. Wa Nile ni *Oreochromis niloticus*, na wale wanaotoka Kasenga ni wa ukoo huo huo. Wewe umewahi kumpasua jike ukamkuta mdomo umejaa mayai au vitoto: anavilea humo mpaka viweze kuogelea. Wamisri waliona vitoto vikitoka mdomoni mwa mama, vikirudi penye hatari na kutoka tena, wakapata picha ya kuzaliwa upya. Katika Ufalme Mpya, enzi ya kina Tutankhamun, walichonga visahani vya steatiti, jiwe laini ambalo ukucha unaweza kulikwaruza, katika umbo la tilapia, na mara nyingi anashika ua la yungiyungi mdomoni. Ua hilo hufunguka asubuhi na kufunga jioni, kwa hiyo linasema jambo lile lile. Wakati huo huo walimla. Picha za makaburini zinaonyesha tilapia akivuliwa, akipasuliwa na kukaushwa, na hakuna aliyeona aibu.

Rafiki yangu anasisitiza kwamba malakiti ya mafarao ilitoka Katanga. Mimi nabisha. Nani anamlipa mwenzake soda?
*Msomaji, Kamalondo*

Rafiki yako analipa. Malakiti ya Misri ilitoka Sinai na Jangwa la Mashariki, kati ya Nile na Bahari ya Shamu. Katanga ina historia yake kubwa ya shaba, yenye wayeyushaji wake na misalaba yake ya shaba, na haihitaji kuazima ya mafarao.

Ila soda hiyo inywewe na habari hii. Malakiti ilikuwa na kazi mbili Misri. Iliyeyushwa kupata shaba, na hiyo shaba ndiyo iliyotengeneza yale mabomba ya kutobolea. Pia ilisagwa unga wa kijani wa kupaka machoni, na nyeusi ikatoka kwenye galena, madini ya risasi yaliyochimbwa Gebel Zeit. Unga ulisagwa juu ya vibao vya jiwe la kijivu la grawaki kutoka Wadi Hammamat. Na vibao hivyo vina umbo gani? Samaki, kobe, kiboko, tembo, ndege wenye vichwa viwili. Jicho la mnyama hutobolewa na kujazwa kipande cha mfupa au ganda la kombe, na juu pana tundu la kamba. Kwenye makaburi ya Naqada kibao, kijiwe cha kusagia na chombo kidogo huwekwa pamoja, mara nyingine kukiwa na kipande cha malakiti, kwa hiyo vyombo vya wanyama tunavyovijadili lazima visomwe kama sehemu ya seti ya kujipamba. Kuvitenga na kuviita "sanaa" peke yake ni kuvipotosha.

Kwa kuwa barua zingine mbili zimeuliza: hapana, msijaribu kupaka unga wa malakiti machoni. Ni kaboneti ya shaba, inachoma, na vumbi lake ni sumu kifuani. Galena ni risasi. Haisogelei jicho la mtu.

Kuna mtu ananiuzia chura wa jiwe "wa kweli wa Misri" kwa dola. Ana tundu pembeni na macho ya mashimo. Nitajuaje?
*Msomaji, Golf*

Jibu fupi: usinunue. Sheria ya Misri namba 117 ya mwaka 1983 ilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale, kwa hiyo chura wa kweli asiye na karatasi za kutoka nchini kabla ya hapo ni mali ya wizi, na chura bandia ni hasara yako. Upande wowote ule unapoteza.

Jibu refu ni kwa ajili ya macho yako tu. Usimtazame usoni, kwani uso ndio anaoujua mwigaji. Mulika tochi ndani. Kazi ya kale inaonyesha mistari ya duara isiyo sawa, mipana na myembamba, kwa sababu chembe za mchanga hazikulingana. Na chini, katikati, mara nyingi kunabaki kovu pale kigogo kilipokatika. Mashine ya umeme huacha mistari iliyopangika, au fundi wa kisasa hulainisha ndani yote kwa kuwa anaona haya. Halafu angalia matundu ya vishikio. Ya kale ni mapana nje na membamba katikati, kwa kuwa yalitobolewa kutoka pande mbili kwa ncha ya gumegume. Tundu lililonyooka upana mmoja mwanzo hadi mwisho limetoka kwenye keekee ya duka.

Pangusa udongo ulioganda kwenye mikunjo ya miguu kwa kitambaa chenye unyevu. Udongo uliobandikwa kwa gundi haubadiliki, na ukiusogeza puani unanuka gundi. Mguse kwa shavu lako: jiwe ni baridi na hukawia kupata joto, plastiki iliyochanganywa na unga wa jiwe hupata joto upesi na mara nyingi ina mshono wa kalibu tumboni. Usimwagie ndimu ili kuona kama linatoa povu. Ni kweli kalsiti hutoa povu, lakini malakiti pia hutoa, na utakuwa umeharibu kitu bila kujifunza chochote.

Kuna ulaghai mmoja unaowapita hata wenye uzoefu: bakuli la kale la kweli, la kawaida, lililochongwa upya miguu na macho ili lipande bei. Hapo jiwe ni la kale na ndani ni pa kale. Tafuta mahali ambapo ung'ao wa nje umeingia kwenye makwaruzo ya zamani, au mguu ambao umekatiza ufa wa kale badala ya ufa kuukatiza mguu.

Ndani ya vyombo hivi waliweka nini hasa? Na ni kweli kuna chombo cha tumbili?
*Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Lubumbashi*

Tumbili yupo, na kwetu sisi ndiye bora wa kundi zima. Ni chombo cha kalsiti cha enzi ya mfalme Pepi I, nasaba ya 6, miaka ya 2289 hadi 2255 KK hivi, nacho kiko Metropolitan Museum. Mama tumbili amekaa, amempakata mtoto kifuani, na jina la mfalme limechongwa juu yake. Fundi amelitumia jiwe kwa werevu: mwili wa mama ndio chombo, na mtoto amebaki mnene upande wa mbele, mahali ambapo ukuta ungehitaji nguvu. Vyombo vingine vya aina hii vina jina la Merenre, aliyemfuata Pepi. Tumbili waliletwa kutoka kusini, Nubia na nchi ya Punt, pamoja na manukato, kwa hiyo mnyama wa mbali kushika mafuta ya mbali ilikuwa na mantiki yake. Katika Ufalme wa Kati mafundi waliwachonga tena kwenye anhidriti, jiwe la buluu hafifu ambalo lilipendwa kwa muda mfupi kisha likatoweka kabisa kwenye karakana.

Ndani kulikuwa mafuta. Ushahidi mzuri ni wa kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa na Howard Carter mwaka 1922. Humo mlikuwa chombo cha kalsiti chenye simba aliyelala juu ya kifuniko, ulimi mwekundu umetoka nje, na miguu ya chombo ni vichwa vinne vya maadui. Mwaka 1926 wakemia Chapman na Plenderleith walipima mafuta kutoka kaburi hilo: takriban asilimia 90 yalikuwa mafuta ya mnyama, na zilizobaki utomvu wa mti wenye harufu. Hiyo ilikuwa mali kweli. Wezi wa kale walioingia kaburini walikwangua mafuta na kuyabeba, na kwenye chombo kimoja Carter alikuta alama za vidole vyao bado zimo ndani. Dhahabu iliyoandikwa jina la mfalme ni hatari kuuza. Mafuta hayana jina.

Vya chakula navyo havikukosekana. Walichonga jiwe la chokaa katika nusu mbili zenye umbo la bata bukini aliyekwisha kunyonyolewa na kufungwa, wakamweka ndani ndege wa kweli aliyeandaliwa, wakazifunga nusu hizo na kumpelekea marehemu. Kwa Tutankhamun kazi hiyo ilifanywa na masanduku ya mbao, 48 kwa idadi, yenye nyama.

Idadi kubwa ya vyombo vya mawe, ukitaka kuiona kwa macho ya akili, iko chini ya piramidi ya ngazi ya Djoser huko Saqqara: vipatavyo 40,000, vingi vikiwa na majina ya wafalme waliomtangulia. Karibu vyote ni mabakuli na mitungi ya kawaida. Umbo la mnyama lilikuwa jambo la nadra wakati wote.

Nimechonga kikopo cha jiwe la chokaa chenye umbo la njiwa. Naweza kutia mafuta ya mwili?
*Msomaji, Ruashi*

Unaweza, lakini jiwe hilo linanywa. Lipashe joto juani nusu siku, lipake nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani kwa tabaka mbili nyembamba, na uliache lipoe polepole kivulini. Ukiliweka mahali pa baridi likiwa bado moto, litalia na kupasuka. Kaza mdomo kwa kitambaa na uzi unaopita kwenye vishikio, jambo ambalo ndilo lililofanya vishikio vya Wamisri viwe na matundu. Mafuta ya mawese yataacha doa la rangi lisilotoka, hivyo chagua mafuta meupe. Na usitie kitu chenye ndimu wala siki, chokaa inaliwa.